Methadoni, vidonge vya wasiwasi na onyo lililosomwa vibaya

Mwaka 2025 vyama kadhaa vya madaktari nchini Marekani, vikiongozwa na jumuiya ya wataalamu wa tiba ya uraibu, vilitoa mwongozo wa pamoja kuhusu namna ya kumpunguzia mgonjwa dawa za kundi la benzodiazepini, yaani vidonge vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi kama diazepamu, klonazepamu, lorazepamu na alprazolamu. Mwongozo huo ni mrefu na umejaa tahadhari, lakini mazungumzo mengi niliyoyasikia yameshika kipande kimoja tu: kwamba vidonge hivi vikikutana mwilini na dawa za jamii ya afyuni, kama heroini na mofini, vinaweza kusimamisha pumzi. Kutoka hapo wapo wanaokwenda moja kwa moja kwenye hitimisho kwamba mtu aliye katika tiba ya uraibu wa heroini, akibainika kuwa anameza vidonge vya wasiwasi, anyimwe methadoni, yaani dawa ya jamii hiyo hiyo ya afyuni inayotolewa kwa kipimo badala ya heroini, hadi atakapoviacha.

Nadhani hitimisho hilo ni la makosa, na makosa yenyewe yana gharama ya uhai. Mchanganyiko wa benzodiazepini na dawa za tiba ya uraibu wa afyuni ni wa hatari kweli. Sina nia ya kuipunguza hatari hiyo hata kidogo. Ninachodai ni kwamba hatari hiyo ni sababu ya kliniki kumshika mgonjwa karibu zaidi, kumwona mara nyingi zaidi na kurekebisha dozi zake kwa uangalifu zaidi. Anayefukuzwa kliniki haachi vidonge kwa sababu amefukuzwa. Anaendelea kuvimeza, na nafasi ya methadoni iliyopimwa inachukuliwa na heroini ambayo hakuna ajuaye nguvu yake.

Tuanze na hatari yenyewe. Heroini, mofini na methadoni hushika vipokezi vya afyuni vilivyomo katika shina la ubongo, sehemu inayoongoza upumuaji bila sisi kukusudia. Kwa mtu asiye na dawa mwilini, hewa ya ukaa ikizidi katika damu, sehemu hiyo humwamuru apumue kwa kina na kwa haraka. Afyuni huifanya isihisi ongezeko hilo, na pumzi zinapungua moja baada ya nyingine. Benzodiazepini hupita njia nyingine: huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza seli za fahamu. Mtu mwenye afya aliyemeza diazepamu nyingi bila kitu kingine mara nyingi hulala usingizi mzito, kisha akaamka. Zikikutana na afyuni hali hubadilika, kwa sababu mgonjwa hupoteza kinga mbili kwa wakati mmoja: pumzi imeshapungua, na ule mshtuko unaomwamsha mtu anapokosa hewa umedhoofishwa pia. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inabanwa, na mtu anakoroma kwa namna inayowafanya watu wa nyumbani waamini kwamba leo amepata usingizi mzuri.

Methadoni ina tabia yake inayozidisha ugumu. Muda unaohitajika ili nusu ya dawa itoke mwilini hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kuanzia saa 8 hadi saa 59. Maana yake ni kwamba dozi ya kesho humkuta mgonjwa akiwa bado na sehemu ya dozi ya leo, na keshokutwa vivyo hivyo, hadi kiwango kitulie baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana tiba huanzishwa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 20 hadi 30, na haipandishwi kwa pupa hata mgonjwa akilalamika kwamba arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, bado inamtesa. Diazepamu nayo hukaa sana mwilini, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo bado inafanya kazi ile ile kwa siku nyingi. Dawa mbili zinazorundikana polepole, katika wiki mbili za kwanza za tiba, kwa mtu ambaye ini lake huenda limeathiriwa na homa ya ini aina ya C: hapo ndipo daktari makini anapokosa usingizi, na ana haki.

Buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa afyuni, ni tofauti kidogo. Hukishika kipokezi cha afyuni kwa nguvu sana lakini hukiamsha kwa kiasi tu, hivyo kupandisha dozi hakuongezi kudidimia kwa pumzi bila kikomo. Kwa sababu hiyo wengi waliiona kuwa salama karibu kabisa, mpaka Ufaransa ilipotoa somo. Nchi hiyo iliruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini mwaka 1996, na vifo vya kuzidiwa na dawa vilishuka kwa takriban asilimia 79 kati ya 1995 na 1999, mafanikio ambayo nchi chache zimeyafikia. Hata hivyo, mwaka 1998 wataalamu wa uchunguzi wa vifo walichapisha taarifa za watu waliokufa wakiwa na buprenofini mwilini, na karibu katika kila taarifa palikuwa na benzodiazepini pia, wakati mwingine buprenofini yenyewe ikiwa imesagwa na kudungwa mshipani. Ufaransa haikujibu kwa kuifunga tiba. Ilibana namna ya kuandika na kutoa flunitrazepamu, kidonge cha kundi la benzodiazepini kilichokuwa kikitajwa sana katika mchanganyiko huo, na buprenofini ikaendelea kuandikwa kwa makumi ya maelfu ya watu. Naitaja historia hii kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili yaliyokuwa kweli kwa pamoja: mchanganyiko uliua watu, na tiba iliokoa watu wengi zaidi ya waliokufa.

Mkanganyiko wa leo ulianzia kwenye onyo la Marekani. Tarehe 31 Agosti 2016 FDA, mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia chakula na dawa, iliagiza onyo la kisanduku, ambalo ndilo zito kuliko yote inayoweza kuagiza, liwekwe kwenye maelezo ya bidhaa karibu 400: dawa za maumivu za jamii ya afyuni, dawa za kikohozi zenye afyuni, na benzodiazepini zote. Onyo lilisema zisitumiwe pamoja isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine inayofaa. Lililengwa kwa mtu anayeandikiwa vidonge vya mgongo na daktari mmoja na vidonge vya usingizi na daktari mwingine, na mamlaka yenyewe ilisema wakati ule kwamba suala la dawa za tiba ya uraibu lilikuwa bado linachunguzwa. Uchunguzi ulipokamilika, tarehe 20 Septemba 2017, tamko jingine lilitoka, nalo lilisema jambo ambalo wengi hawajawahi kulisoma: buprenofini na methadoni zisizuiliwe kwa wagonjwa kwa sababu tu wanatumia benzodiazepini au dawa nyingine za kulaza ubongo, kwa kuwa madhara ya uraibu wa afyuni usiotibiwa kwa kawaida huzidi hatari ya mchanganyiko. Tamko la kwanza lilikuwa na kisanduku, na kisanduku kinaonekana. La pili lilikuwa na hoja, na hoja inataka mtu aketi asome. Mwongozo wa 2025 unafuata mkondo wa tamko la pili: unataka faida na hasara za kuendelea na benzodiazepini kwa mtu anayetumia afyuni zipimwe upya angalau kila miezi 3, naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na afyuni, iwepo, na uraibu wenyewe uendelee kutibiwa wakati vidonge vinapunguzwa.

Kwa nini mizani inaelemea upande huo? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ ulikusanya tafiti zilizofuatilia watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni. Kwa kila watu 1,000 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, vifo vya sababu zote vilikuwa 11.3 wakiwa ndani ya tiba na 36.1 wakiwa nje. Tukivitazama vifo vya kuzidiwa na dawa peke yake, ni 2.6 ndani na 12.7 nje, karibu mara 5. Sasa tuweke pembeni yake utafiti wa Massachusetts wa mwaka 2020 uliowafuatilia watu zaidi ya 63,000 waliopokea buprenofini, ambapo takriban robo waliandikiwa pia benzodiazepini. Kuandikiwa vidonge hivyo kulihusishwa na hatari ya kufa kwa kuzidiwa na afyuni iliyokaribia mara 3. Namba hii si ya kupuuzwa, na yeyote anayetetea msimamo kama wangu bila kuitaja hatendi haki. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba waliokuwa wakiandikiwa benzodiazepini walielekea kidogo kubaki katika tiba kuliko wenzao. Tafiti hizi mbili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwani moja ni ya methadoni na nyingine ya buprenofini, na wanaoandikiwa vidonge vya wasiwasi huwa tayari ni wagonjwa zaidi ya wengine. Hata hivyo mwelekeo unaonekana: mchanganyiko ndani ya tiba unaongeza hatari, na kutoka nje ya tiba kunaongeza hatari kwa kiasi kinachoelekea kuwa kikubwa zaidi. Tena anayetoka nje akiwa na vidonge mfukoni hachagui kati ya hatari hizo mbili, anazibeba zote.

Hapa kwetu suala hili lina sura yake. Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka 2012, na Zanzibar ikaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kenya ilianzia Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa. Utaratibu wa kawaida ni mgonjwa kufika kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Utaratibu huu huchosha, hasa kwa mwenye kibarua au anayetegemea nauli za daladala au matatu, lakini una faida moja ambayo kliniki za nchi tajiri, zinazompa mgonjwa chupa za wiki nzima, hazina: kila asubuhi kuna macho ya mtu aliyefunzwa yanayomtazama mgonjwa kabla hajameza chochote. Kwa hatari tunayoizungumzia, sioni chombo cha usalama kilicho bora kuliko hicho. Anayefika dirishani akiyumba, akiongea kwa ulimi mzito, kope zikishuka, dozi yake icheleweshwe saa kadhaa au ipunguzwe siku hiyo, na hapa nakubaliana kabisa na wahudumu wakali. Kuahirisha dozi ya leo kwa mtu aliyelewa ni tiba. Kumwondoa kwenye orodha ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi mambo haya mawili huchanganywa kana kwamba la pili ni la kwanza lililotiliwa mkazo.

Kipimo cha mkojo nacho hupewa mamlaka kisichostahili. Vijiti vingi vya kupima benzodiazepini vimetengenezwa ili kunasa mabaki ya diazepamu na ndugu zake wa karibu. Klonazepamu na lorazepamu mara nyingi huvipita bila kuonekana. Kwa upande mwingine, mtu aliyetumia diazepamu kwa muda mrefu anaweza kuonyesha matokeo chanya wiki kadhaa baada ya kuacha. Kijiti hakisemi alimeza kiasi gani, lini, wala kama sasa hivi amelewa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alisimamishiwa methadoni katika kliniki moja baada ya matokeo ya namna hiyo, naye alikuwa amefika akiwa mzima, anatembea sawasawa na anajibu maswali. Alikaa siku chache nyumbani akitetemeka na kutapika, kisha akarudi kwenye kete za heroini. Bahati ilikuwa upande wake, akapokelewa tena baadaye. Simtumii kama ushahidi, maana mtu mmoja hathibitishi kitu. Namtaja kwa sababu maamuzi haya hufanywa kwa karatasi huku mwenye mwili akiwa amesimama mbele ya mfanya uamuzi.

Jambo ambalo naliona kuwa kiini cha mjadala, na ambalo huzungumzwa kwa nadra sana, ni swali la kwa nini mgonjwa wa methadoni anatafuta vidonge hivi. Wapo wanaotafuta stimu, na hilo lisifichwe: diazepamu ikimezwa karibu na saa ya methadoni huongeza ile hali ya kuelea, na katika pwani ya Kenya flunitrazepamu, inayojulikana mtaani kama bugizi, ina historia ndefu kwa watumiaji wa heroini. Lakini wapo wengine ambao mwili wao unadai kitu ambacho kliniki haijawapa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wagonjwa wengi dozi ya kuendeleza tiba iwe kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Anayebaki chini ya mahitaji yake, kwa woga wa mhudumu au kwa haraka ya kutaka amalize tiba, huamka usiku wa manane akiwa na jasho, miguu isiyotulia na wasiwasi unaokaba koo. Kwa mtu huyo kidonge cha Valium, yaani diazepamu, ni namna ya kufika asubuhi.

Kisha kuna kifua kikuu. Rifampisini, mhimili wa matibabu ya TB, huchochea ini kuvunja methadoni kwa kasi kubwa, na mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miezi anaweza kuingia arosto ndani ya siku chache za kuanza dawa za kifua bila kuelewa kilichompata. Nevirapini na efavirenzi, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilizotumika sana katika ukanda wetu kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi, hufanya vivyo hivyo. Dolutegraviri, kwa bahati njema, haina athari ya maana kwa methadoni. Fikiria basi mgonjwa aliyeanzishiwa rifampisini katika kliniki moja, huku kliniki ya methadoni ikiwa haina habari. Anakosa usingizi, anatetemeka, anapata diazepamu dukani, mkojo wake unapimwa, anaambiwa amevunja masharti. Kosa lilikuwa ni ukosefu wa mawasiliano kati ya majengo mawili, na dawa yake ilikuwa ni kupandisha methadoni. Na matibabu ya TB yakiisha, rifampisini ikitoka mwilini, methadoni ile ile iliyopandishwa huanza kurundikana ndani ya wiki chache. Hapo ndipo kidonge cha diazepamu alichokizoea kinapoweza kumuua. Mwenye kuona hayo yote ni yule tu ambaye mgonjwa bado yuko mikononi mwake.

Wanaopinga wana hoja, na si zote zina uzito sawa. Iliyo nzito zaidi ni ya kimaadili ya tabibu: mhudumu anayemkabidhi mgonjwa methadoni akijua kwamba anatumia benzodiazepini, mgonjwa akifa usiku ule, atakuwa ameshiriki. Naielewa hofu hiyo. Lakini anayemnyima dozi, mgonjwa akafa wiki ijayo uchochoroni akiwa na heroini na vidonge vile vile, naye ameshiriki, isipokuwa kifo hicho hakiandikwi katika daftari la kliniki. Tofauti ipo katika kumbukumbu za ofisi. Kwa mama wa marehemu hakuna tofauti. Hoja ya pili ni ya rasilimali: kumfuatilia mgonjwa kama huyu kunahitaji muda, wahudumu na fedha, na kliniki zetu hazina ziada ya chochote. Hii ni kweli tupu, na imekuwa kweli zaidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, ikiwemo ile ya PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, ambayo tiba ya methadoni katika Afrika Mashariki imekuwa ikiitegemea. Sina jibu jepesi kwa hoja hii. Ninachoweza kusema ni kwamba uhaba unahalalisha kupanga nani aonwe kwanza, na mgonjwa anayechanganya dawa, kwa kipimo chochote cha hatari, ndiye wa kwanza kwenye mstari.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, nayo ni ile isemayo kwamba anayeendelea kumeza vidonge hajakusudia kuacha, basi ampishe mwenye nia. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba inageuza dalili ya ugonjwa kuwa sababu ya kunyima tiba ya ugonjwa huo, jambo ambalo hatulifanyi kwa mgonjwa wa kisukari anayekutwa na sukari iliyopanda. Udhaifu wa pili ni wa kitabibu na ni mkubwa zaidi. Arosto ya heroini ni mateso, lakini kwa mtu mwenye afya ya wastani ni nadra kuua. Kukatishwa benzodiazepini ghafla baada ya miezi ya matumizi ya kila siku kunaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa na kifo. Kumwambia mtu huyo aache vidonge vyote leo ndipo apewe methadoni kesho ni kumpa sharti ambalo akilitimiza kwa uaminifu linaweza kumuua kabla hajafika kliniki. Asiyelitimiza anaitwa mkaidi. Mwongozo wa 2025 unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kutozidi asilimia 25 kwa kila wiki 2, huku mgonjwa akishirikishwa katika uamuzi. Kwa mwendo huo zinahitajika wiki nyingi, kwa wengine mwaka na zaidi, na muda huo wote mtu anatakiwa awe ndani ya tiba.

Wapo pia wasemao suluhisho ni kuvifungia vidonge madukani. Kisheria benzodiazepini ni dawa za cheti, na zimo katika mkataba wa kimataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Si siri kwamba duka la dawa lisilojali huziuza bila karatasi, na hilo lishughulikiwe. Lakini Uskoti inatuonya tusitarajie mengi kutoka huko. Mwaka 2020 nchi hiyo ndogo iliandika vifo 1,339 vya dawa za kulevya. Benzodiazepini zilihusika katika 974 na methadoni katika 708, na sehemu kubwa ya benzodiazepini hizo hazikutoka kwa daktari wala dukani. Zilikuwa vidonge vya mtaani, hasa etizolamu, vilivyofyatuliwa kwa mashine na kuuzwa vikifanana na Valium, vyenye nguvu ambayo mnunuzi hawezi kuijua. Mtu aliyenyimwa diazepamu halali hakuacha. Alihamia kwenye kidonge kibaya zaidi. Mwaka 2021 serikali ya huko ilitoa viwango 10 vya tiba ya uraibu wa afyuni, na miongoni mwake ni kuanza tiba siku ile ile mtu anapoiomba na kusaidiwa abaki ndani yake kwa muda anaouhitaji. Walifika hapo baada ya kuzika watu wengi.

Msimamo huu, ukikubaliwa, una matokeo katika kazi ya kila siku. Kwanza, swali kuhusu vidonge lazima liulizwe kwa namna ambayo mgonjwa anaweza kulijibu kwa ukweli. Mahali ambapo jibu la kweli huleta adhabu, kliniki itaendesha tiba ya dawa mbili ikiwa na habari za moja, na hilo ni baya kuliko yote yaliyotajwa hapo juu. Linalofuata ni uangalifu wa dawa mbadala, kwa sababu wasiwasi ni ugonjwa halisi na utatafuta tiba. Kumwondolea mgonjwa diazepamu na kumwandikia amitriptilini, dawa ya sonona, kwa ajili ya usingizi si kumtoa hatarini: nayo hulaza, na pamoja na methadoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Prometazini, inayochukuliwa kirahisi kwa ajili ya mafua na kichefuchefu, ina kasoro zile zile. Dawa za sonona na wasiwasi za kundi la setralini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi lakini hazizimi pumzi, na mazungumzo na mshauri aliyefunzwa yana nafasi kubwa kuliko tunavyoyapa. Pombe, iwe bia au gongo, iulizwe kwa uzito ule ule wa vidonge, kwa maana shina la ubongo halitofautishi.

Na naloksoni itoke kabatini. Dawa hii hung'oa afyuni kwenye vipokezi vyake na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache, na Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2014 kwamba watu wanaoweza kushuhudia mtu akizidiwa, wakiwemo ndugu na watumiaji wenyewe, wapewe na wafundishwe kuitumia. Husemwa kwamba haina maana kwa aliyemeza benzodiazepini, kwa kuwa haiziondoi. Ni kweli haiziondoi, lakini katika mchanganyiko huu afyuni ndiyo inayoibana pumzi zaidi, na kuiondoa hiyo peke yake mara nyingi kunatosha kumfanya mtu apumue, hata kama ataendelea kulala. Ndugu waelezwe mambo mawili waziwazi. Koroma nzito isiyokatika kwa kutikiswa, mboni ndogo kama ncha ya sindano, na midomo au ufizi uliogeuka kijivu ni sababu ya kumpa hewa kwa mdomo, kutumia naloksoni na kuita msaada bila kusubiri kuche. Na kwa kuwa naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90 wakati methadoni hudumu siku nzima na zaidi, mtu aliyezinduka asiachwe alale peke yake chumbani. Apelekwe hospitali, na wanaompeleka waseme bila kuficha kwamba amekunywa methadoni na kumeza vidonge, wakivitaja kwa majina au wakiwa na ganda la vidonge mkononi.